Vijana madereva waambiwe ukweli wa bima

Mhariri,

Vijana wengi hapa Ngoliba tunanunua gari kuukuu, tunalipakia nyanya na maembe na kushika barabara ya Garissa kuelekea Thika. Bima ndiyo inayotutoa jasho.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inadai angalau bima ya mtu wa tatu. Kampuni kadhaa hukubali uilipie mwezi mwezi, na hilo humfaa mtu wa kipato cha msimu. Lakini bima hiyo hailipii gari lako: ukigonga, hulitengeneza mwenyewe. Bima kamili nayo huwa na kifungu ambacho mawakala hukipita haraka: dereva mwenye umri mdogo au leseni changa hubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijatoa senti. Katika hati yangu kimefichwa ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo na Kiingereza kizito. Huo si uungwana.

Naisihi mamlaka ya kudhibiti bima, IRA, iwalazimishe mawakala kutaja sehemu hiyo ya hasara kwa Kiswahili kabla ya kupokea pesa. Nanyi vijana wenzangu, ulizeni pia punguzo la mwaka usio na dai la fidia, wakala hatawakumbusha.

Dereva kijana,
Ngoliba, Thika