Kukuza Si Kuona

Ewe msomaji, ukiwa umedunduliza fedha ili ununue darubini ya kutazamia nyota, usiongozwe na tarakimu kubwa iliyopigwa chapa juu ya sanduku. Wapo wauzaji wanaotangaza kuwa chombo chao hukuza vitu mara 500 na zaidi, na wanunuzi wengi huamini kuwa akuzaye zaidi ndiye aonaye zaidi. Imani hiyo ni ya uongo, na hasara yake huwaangukia wenye kipato haba.

Hesabu yake ni nyepesi. Darubini ina kioo kikubwa kipokeacho nuru, na kioo kidogo cha jichoni. Gawanya urefu wa fokasi wa kioo kikubwa kwa ule wa kioo cha jichoni. Ikiwa ule wa kwanza ni milimita 700, kioo cha jichoni cha milimita 25 hukuza mara 28. Cha milimita 10, mara 70. Cha milimita 4, mara 175. Lakini nuru iliyoingia haiongezeki. Hufifia kama maziwa ya kikombe kimoja yaliyotiwa katika chai ya watu kumi. Kwa kawaida ukuzaji wenye faida haupiti mara mbili ya upana wa kioo kikubwa kwa milimita. Mwenye kioo cha milimita 70 akivuka mara 140 amenunua ukungu.

Watasema kuwa taa za Nairobi zimezifisha nyota za Shauri Moyo, hivyo nguvu kubwa ndiyo dawa. Sivyo. Usiku joto la mchana hupanda kutoka kuta na barabara, hewa ikatetemeka. Ukikuza mno, unakuza mtetemo. Mwezi na Mshtarii havishindwi na taa. Mnamo Januari 1610 Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza mara 20 hivi.

Fundi wa Kamukunji hachagui nyundo kwa uzito, bali kwa kazi. Nawe anza na kioo cha milimita 25, kisha cha 10 kwa pete za Zohali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana aliyeuziwa ukungu hailaumu darubini. Huilaumu akili yake, akaiacha elimu ya nyota kwa wengine. Huo ndio wizi mkubwa kuliko wa fedha.

Jina la mtaa huu latuagiza tushauri moyo. Vema, lakini kabla hujalipa, ishauri na hesabu.