Neno la Mhariri: Neno Lililopigwa Marufuku

Utabiri wa serikali ya Marekani kwa tarehe 18 Machi 1925 ulitaja mvua na upepo mkali wa kubadilika-badilika. Haukutaja tornado. Mchana wa siku hiyo tornado moja ilianzia Missouri, ikakatiza Illinois na kuishia Indiana, mwendo wa kilometa 350 hivi kwa saa tatu na nusu. Watu 695 walikufa, 234 kati yao katika mji mmoja tu wa Murphysboro.

Wataalamu wa wakati ule hawakuwa na rada wala setilaiti. Haki itendeke: hata wangeruhusiwa kusema, huenda wasingejua la kusema. Lakini hawakuruhusiwa. Tangu miaka ya 1880 neno tornado lilikuwa limepigwa marufuku katika utabiri wa serikali, kwa hoja kwamba taharuki ya watu ingeleta madhara kuliko upepo wenyewe. Toleo hili linahusu lugha ya hali ya hewa, na linaanza na neno hilo la Kiingereza kwa sababu mkasa wake unawagusa watangazaji na waandishi wanaorudi kwenye swali lilelile kila msimu wa mvua: hatari itajwe lini kwa jina lake?

Asili ya neno lenyewe ni vurugu tupu. Mabaharia Waingereza wa karne ya 16, katika maji ya joto ya Atlantiki, walilipata kwa Wahispania. Hao walisema tronada, yaani mvua ya radi. Waingereza wakalitamka walivyoweza, wakaliandika ternado, mwishowe tornado. Wanaisimu wanaona kwamba kitenzi kingine cha Kihispania, tornar, chenye maana ya kugeuka, ndicho kilichoivuta tahajia upande huo. Hivyo neno lililozaliwa na ngurumo likaishia kwenye mzunguko. Kwa mabaharia lilikuwa dhoruba ya ghafla yenye radi na mvua kubwa. Maana ya nguzo ya upepo inayoning'inia kutoka mawinguni na kusokota juu ya nchi kavu ilikuja kutia mizizi Marekani.

Hata huko wengi hawakulitumia. Watu wa mbugani walisema saikloni, wakachimba mahandaki na kuyaita ya saikloni. L. Frank Baum naye, alipomrusha Dorothy kutoka Kansas katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu mchawi wa Oz, alitumia saikloni. Mwanasayansi atalalamika, maana saikloni ya kitropiki ni mfumo wenye upana wa mamia ya kilometa unaozaliwa baharini, na tornado nyingi hazifikishi hata kilometa moja. Mkulima anayekimbilia handakini hana muda wa ubishi huo.

Aliyejaribu kuliingiza neno katika utabiri ni John Park Finley, mwanajeshi wa kikosi cha mawasiliano kilichosimamia hali ya hewa wakati huo. Alikusanya habari za tornado 600, na mwaka 1884 akaanza utabiri wa majaribio. Alitangaza kwamba alipatia kwa zaidi ya asilimia 96. Wakosoaji wakapiga hesabu yao: angesema kila siku kwamba hakuna tornado, angepatia kwa asilimia 98. Hesabu ile haina kasoro, na bado ilikosa shabaha. Finley alisema tornado itakuja, ikaja, mara 28. Yule wa asilimia 98 asingemwonya mtu hata mmoja.

Hata hivyo wakubwa walifunga mjadala, na marufuku ikaja kuondolewa mwaka 1938. Woga ulibaki. Kisha, tarehe 20 Machi 1948, tornado ikapiga kambi ya ndege za kijeshi ya Tinker, Oklahoma, na kuharibu ndege. Maofisa wawili, Ernest Fawbush na Robert Miller, wakaamriwa wachunguze kama jambo lile lingeweza kujulikana mapema. Siku tano baadaye ramani zao zilionyesha hali ileile. Walisita, kwa sababu nani angeamini kwamba tornado itarudi mahali palepale katika wiki moja? Wakaandika hivyo hivyo. Ndege zikaingizwa mabandani. Jioni tornado ikapita kambini. Mwaka 1952 raia nao wakaanza kupewa utabiri wa aina hiyo.

Afrika Mashariki tatizo limegeuka. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikitangaza Kimbunga Hidaya kabla hakijafika Mafia. Boti za kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimama, nao wavuvi wakaonywa. Hapo neno kimbunga lilifanya kazi yake. Ila vyumba vya habari hulitumia neno hilohilo kwa upepo wowote ulioezua mabati ya shule, ilhali katika Bahari ya Hindi kusini-magharibi wataalamu hulitunza kwa pepo zinazofika takriban kilometa 118 kwa saa. Wamarekani walilificha neno, sisi tunalichezea. Mvuvi aliyelisikia mara kumi kwa ajili ya mabati hatavuta ngalawa yake pwani mara ya kumi na moja.

Upepo mkali uitwe upepo mkali, na chamchela inayoinua vumbi uwanjani iitwe chamchela. Kwa upande wa bahari, jarida hili linawaomba wasomaji wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, waandike majina ya pepo na dhoruba wanayoyatumia wenyewe, na kila jina lije na maelezo yake: unavuma kutoka wapi, miezi gani, na nahodha akiona dalili zake hufanya nini.