Muziki Usizimwe, Taa Ziwashwe

Kila disko matanga inapotajwa hapa shuleni kwenye paredi, huwa tunaulizwa kama ni mbaya, nasi sote huitikia "Ndiyooo!" kama kwaya. Mimi pia nilikuwa nikiitikia. Lakini katika likizo ya Aprili iliyopita niliiona kwa macho yangu, na tangu siku hiyo jibu langu limekuwa refu kidogo. Naomba mnivumilie.

Babu mzaa mama alikuwa ameaga dunia. Tulipanda matatu hapa Kitale, tukapita Kiminini na Kamukuywa, tukashuka Kimilili, kisha bodaboda zikatufikisha kijijini, upande wa Chwele katika kaunti ya Bungoma. Tulifika jioni ya mkesha. Boma lilikuwa limejaa watu pomoni.

Muziki wenyewe sasa! Chini ya hema, karibu na jeneza, kwaya ya kanisa ilikuwa ikiimba. Mlangoni pa jikoni, mzee mmoja aliketi akipiga litungu lake huku akitaja majina ya ukoo wa babu mmoja baada ya mwingine. Kando ya moto kulikuwa na kikundi cha isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Na nyuma ya nyumba, mpakani mwa shamba la mahindi, dijei alikuwa amepanga spika ndefu kunishinda. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Wote walipiga kwa wakati mmoja, na kelele hizo zilitikisa mabati.

Sitadanganya. Nilicheza. Nilirukaruka pale kwa dijei mpaka vumbi likanifika kooni, na moyo wangu uliokuwa mzito tangu habari za kifo zije ukawa mwepesi. Mama naye alicheza isukuti huku machozi yakimtiririka, kisha akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Ni nani atakayeniambia kwamba kicheko hicho kilikuwa dhambi?

Tena disko ile ilikuwa na kazi. Palikuwa na karai mbele ya dijei. Mtu akitoa shilingi hamsini wimbo uendelee, mwingine anatoa mia ukatwe, wa tatu anatoa mia mbili urudishwe. Pesa hizo zilienda kwa kamati ya mazishi, kwa sababu deni la mochari lilikuwa bado halijaisha.

Mnamo saa sita za usiku, jenereta ikazima ghafla. Giza totoro! Watu walianza kusukumana, nami nikaanguka, kiatu kimoja kikapotea. Nilipoinuka, mkono nisioujua ulinishika kifundo ukaanza kunivuta upande wa mahindi. Pumzi za mwenye mkono zilinuka busaa. Nilipiga mayowe, lakini kila mtu alikuwa akipiga mayowe, nani angejua yangu ni ya nini?

Kitu kimoja kiliniokoa. Isukuti haitumii stima. Ngoma zilikuwa zikiendelea kulia kana kwamba hakuna kilichotokea, na moto wao ulionekana kupitia katikati ya watu. Niliuma ule mkono, ukaniachilia, nikatimua mbio kufuata mlio wa ngoma. Mzee wa ngoma kubwa alinitazama mara moja tu. Hakuniuliza neno. Alinionyesha benchi kwa kidevu akasema, "Kaa hapa, mjukuu wangu." Nilikaa hapo hadi kulipopambazuka. Asubuhi binamu yangu wa miaka kumi na minne alipatikana nyuma ya choo akitapika. Kuna mtu alikuwa amemwuzia chang'aa ya shilingi ishirini.

Basi nimekuwa nikijiuliza swali hili. Boma lilikuwa moja, usiku ulikuwa mmoja, na kelele zilikuwa karibu sawa. Mbona kwenye isukuti nilikuwa salama na kwenye disko nikawa mawindo? Nadhani ni kwa sababu isukuti ilikuwa na wenyewe. Ilikuwa na moto, ilikuwa na mzee anayejua kila mtoto ni wa nani, na akina nyanya walikuwa wameketi kuizunguka. Disko haikuwa na mzazi. Mwenye mitambo alikuja na pikapu jioni akaondoka nayo alfajiri. Kamati ilijali karai, na wazazi wetu walikuwa hemani wakiomboleza.

Najua wengi watasema, "Ipigwe marufuku!" Jamani, mara ngapi imepigwa marufuku? Machifu wametangaza na maafisa wa serikali wametangaza, na bado ipo. Inapokatazwa karibu na barabara, inahamia ndani zaidi ya mahindi, mahali ambapo giza ni nene na msaada uko mbali. Marufuku ya namna hiyo hainilindi mimi msichana, bali humlinda mwenye ule mkono.

Kaka yangu, ambaye hupenda muziki wa panki, yale magitaa makali ya bendi kama Crystal Axis ya Nairobi, alinisimulia jambo lililonifungua macho. Kule Washington, Marekani, vijana weusi wa bendi ya Bad Brains na wenzao walianza kupiga muziki huo kwa kasi ya ajabu miaka ya mwisho ya 1970, wakati mwingine katika vyumba vya chini vya nyumba za watu. Vurugu ilikuwa tele, watu wakirukiana. Vijana wa chini ya umri walifungiwa nje ya kumbi kwa sababu ya pombe. Mwaka 1980, bendi ya vijana hao iitwayo Teen Idles ilisafiri hadi San Francisco. Ukumbi mmoja uliwaruhusu kuingia, lakini walichorwa alama kubwa ya X mikononi ili asitokee wa kuwauzia pombe. Waliporudi kwao walipeleka wazo hilo kwenye kumbi za Washington. Muziki haukufungwa. Chupa ndiyo iliyofungwa.

Je, sisi tunashindwa na nini? Sheria yetu ya mwaka 2010 tayari inakataza kumwuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18. Kilichobaki ni kuitekeleza bomani. Kamati ya mazishi ikiweza kuandika daftari la michango, inaweza pia kununua kalamu moja nene na kutuchora X mlangoni. Disko ianze mchana na ikome saa tatu za usiku. Spika ziwekwe karibu na hema, wala si karibu na mahindi. Moto uwashwe hata kama stima ipo. Na watu wazima wawili, mama mmoja na baba mmoja, watajwe majina mbele ya wote kwamba usiku huu watoto ni wao.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka. Ni vyema. Lakini mimi usiku ule ni isukuti iliyonilinda, nami naomba disko yetu ijifunze kutoka kwake.

Walimu wetu, mkituuliza tena kwenye paredi, msituulize nani alienda. Mtauliza hivyo na sote tutanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi. Tuulizeni ni nani alikuwa akitulinda huko. Mama yangu atayasoma haya hapa kwa mara ya kwanza. Mama, nisamehe kwa kukuficha. Kile kiatu sikukipoteza mtoni.

Mwanachama, Kidato cha Tatu