TAHARIRI: Swali la Bungeni ni Amana, Tusiliache Lilale

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Mvua ni rehema. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tunavyoamini. Lakini kwa mkazi wa Katubuka, kata ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji ulimo uwanja wa ndege wa mji wetu, rehema hiyo huja pamoja na mtihani. Sehemu ya kata hii ni bonde. Maji ya miinukoni hushuka yakatuama hapo, na mwaka wa mvua kubwa bwawa hutanuka likaingia uani, kisha sebuleni. Mwaka 2024, mvua za El Nino zilipozidi, Ziwa Tanganyika nalo lilipanda likameza fukwe na makazi, tangu kwetu hadi Bujumbura kwa jirani zetu Warundi. Aliyejenga kwa jasho la miaka ishirini hutoka na godoro kichwani, akaomba hifadhi kwa nduguye.

Baada ya sala, barazani, swali huwa ni lile lile: "Serikali inasema nini?" Jibu letu katika tahariri hii ni fupi. Serikali yoyote duniani husema zaidi pale inapoulizwa, na husema kwa uangalifu zaidi pale inapoulizwa kwa maandishi. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumzie silaha moja ya raia ambayo wengi wetu tunaidharau kwa kuwa haina kelele, nayo ni swali la Mbunge kwa Waziri.

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Katika orodha ya njia za kuitekeleza kazi hiyo, njia ya kwanza kabisa kutajwa ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kutajwa huko mwanzo, kabla ya bajeti, kabla ya mipango ya maendeleo na kabla ya kutunga sheria, ni jambo la kuzingatiwa. Kwa hiyo Mbunge anayeuliza hatafuti ugomvi wala haombi hisani, bali anatekeleza kazi aliyotumwa.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Mbunge huandika swali lake na kuliwasilisha kwa Katibu wa Bunge. Swali likionekana kuwa linakidhi Kanuni, yaani halina matusi, si hotuba iliyojificha, haliingilii shauri lililoko mahakamani na linahusu jambo lililo chini ya Serikali, hupelekwa katika wizara inayohusika. Wataalamu wa wizara hutafuta taarifa, huandika jibu, na Waziri hulipitia. Swali hupangiwa siku, likapewa namba na kuchapwa katika Orodha ya Shughuli. Siku hiyo huko Dodoma, baada ya Dua, Mbunge husimama kuomba swali lake lijibiwe, Waziri au Naibu wake akalijibu, kisha yakafuata maswali ya nyongeza. Yako pia maswali ambayo hujibiwa kwa maandishi tu. Yote huingia katika Taarifa Rasmi, ile Hansard, na hapo ndipo penye nguvu ya jambo hili. Ahadi iliyotolewa jukwaani hupeperuka na vumbi la msafara, lakini ahadi iliyoingia katika Hansard hubaki na tarehe yake, na jina la aliyeitoa hubaki pembeni yake.

Ndugu zetu Waislamu, tusidhani kwamba kumuuliza kiongozi ni jambo tulilojifunza kwa wakoloni. Ni kweli kwamba Bunge la Uingereza linahesabu swali lake la kwanza lililowekwa katika kumbukumbu kuwa lile la mwaka 1721, lililoulizwa katika Baraza la Malodi juu ya mweka hazina wa kampuni ya South Sea aliyekimbia nchi baada ya kuporomoka kwa hisa za kampuni hiyo. Lakini zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hapo, imepokewa katika vitabu vya historia yetu kwamba Sayyidna Umar (RA) alisimama mimbarini akiwa na vazi refu kuliko mgawo aliopata kila Mwislamu, akaulizwa mbele ya watu amelipata wapi. Hakumfukuza muulizaji wala hakumwita mchochezi. Alimwita mwanawe Abdullah atoe ushahidi kwamba yeye ndiye aliyempa baba yake sehemu yake, na muulizaji akaridhika. Sura ya nne, aya ya 58, inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Na Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi kiongozi anayechukia kuulizwa duniani ajue kwamba liko swali jingine mbele yake, nalo halina Naibu wa kulijibu kwa niaba yake.

Mkoa wetu wa Kigoma una ushahidi wake juu ya jambo hili. Mwaka 2007, Mbunge wa Kigoma Kaskazini wakati huo, Ndugu Zitto Kabwe wa CHADEMA, alihoji Bungeni mazingira ya kutiwa saini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London na Waziri wa Nishati na Madini, Mheshimiwa Nazir Karamagi. Alitaka Bunge liunde kamati teule. Jibu alilolipata mwezi Agosti 2007 ni kusimamishwa kuhudhuria Bunge. Wako waliodhani kwamba mambo yamekwisha. Lakini swali lilikwishatoka, na swali likitoka halirudi mdomoni. Novemba mwaka huo huo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na mbunge aliyesimamishwa akawa miongoni mwa wajumbe wake. Februari 2008, kufuatia ripoti ya kamati teule juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na Mheshimiwa Karamagi naye akajiuzulu. Mwaka 2010 nchi ikapata Sheria mpya ya Madini. Hatusemi kwamba yote hayo yalizaliwa na kinywa cha mtu mmoja. Tunasema kwamba Serikali iliyoulizwa kwa ushahidi haikuweza kukaa kimya daima.

Hata hivyo, insafu inatutaka tuseme upande wa pili. Maswali mengi hayaishii Buzwagi wala Richmond. Mengi huishia katika maneno ambayo kila msikilizaji wa redio ameyazoea: "mchakato unaendelea", "Serikali inatafuta fedha", "upembuzi yakinifu utafanyika", "Mheshimiwa Mbunge awe na subira". Sisi Waislamu tunayajua majibu ya namna hiyo kuliko wengine. Suala la Mahakama ya Kadhi liliwekwa katika Ilani ya Uchaguzi ya CCM ya mwaka 2005, likaulizwa Bungeni mara kwa mara, na kila lilipoulizwa lilipata jibu la kungoja. Mwaka 2015 muswada uliolihusu ulifikishwa Bungeni, kisha Serikali ikauondoa. Je, basi maswali yale yalikuwa bure? La hasha. Bila ya maswali hayo, leo tungekuwa na manung'uniko tu. Kwa sababu yake tunayo kumbukumbu ya nani aliahidi nini na lini, na mdai mwenye hati si sawa na mdai mwenye kilio.

Wakati mwingine udhaifu hauko kwa Waziri, bali umo katika swali lenyewe. Tuchukue mfano wa Katubuka. Mbunge akiuliza, "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wananchi wa Katubuka?", amempa Waziri mlango mpana wa kutokea, naye atajibu kwamba Serikali inawajali wananchi wake wote. Lakini akiuliza, "Je, usanifu wa mfereji wa kutoa maji Katubuka hadi ziwani umekamilika tarehe gani, unagharimu shilingi ngapi, fedha hizo zimo katika bajeti ya mwaka upi, na nani atalipa fidia ya nyumba zitakazopitiwa?", hapo Waziri hana budi kutaja tarehe, kiasi na jina, au akiri mbele ya taifa kwamba hana. Kukiri huko nako ni jibu. Na swali la nyongeza lisiwe la kushukuru, kama tunavyosikia mara nyingi. Liwe ni lile linaloshika neno la Waziri na kumrudishia.

Wenzetu wa Uganda wameona tatizo la ahadi zinazolala, wakaunda katika Bunge lao kamati maalumu ya kufuatilia ahadi za Serikali. Kenya nayo ina funzo. Katiba yao ya mwaka 2010 iliwatoa mawaziri katika ubunge, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na waziri wa kusimama ukumbini kujibu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2022 wabunge wao walibadilisha kanuni ili mawaziri waitwe ukumbini kujibu maswali. Mtu hurudi kutafuta kitu alichoona pengo lake.

Huku kwetu, Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba Televisheni ya Taifa haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Na Manispaa yetu ya Kigoma/Ujiji, ambayo mwaka huo huo wa 2016 ilikuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizochaguliwa kuanza majaribio katika Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, ilikuta mlango unafungwa mapema, kwa kuwa Tanzania ilijitoa katika mpango huo mwaka 2017. Pale ambapo milango mingine inafungwa, mlango wa swali la maandishi unazidi kuwa na thamani. Tena katika Bunge ambalo karibu viti vyote vimeshikwa na chama kimoja, wajibu huu hauwezi kuachiwa wapinzani. Mbunge wa chama tawala anayemuuliza Waziri wa chama chake hajakisaliti chama. Tena amemnusuru nduguye, kwani tumefundishwa kwamba kumnusuru mwenye kudhulumu ni kumzuia asidhulumu.

Lakini nani atamwandalia Mbunge swali? Hapa tunajielekea wenyewe. Tumezoea kumpigia Mbunge simu wakati wa msiba, harusi na ada ya shule, kisha tukamlaumu kwamba hasemi Bungeni. Tumemfanya mfuko wa zaka, ilhali tulimtuma awe ulimi wetu. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila msikiti wa Katubuka, Mwanga, Gungu, Kibirizi na Ujiji uwe na daftari la kero za umma: maji, barabara, zahanati, fidia, shule. Kila kero iandikwe pamoja na tarehe, mahali, idadi ya nyumba au watu walioathirika, na barua zilizokwisha kuandikwa. Jirani zetu Wakristo wasiachwe nje ya daftari hilo, kwani maji yakiingia mtaani hayaulizi dini ya mwenye nyumba.

Pili, kabla ya kila Mkutano wa Bunge, kamati ya watu watatu au wanne, wakiwemo kina mama, imfikishie Mbunge maswali mawili au matatu yaliyoandikwa vizuri, na ibaki na nakala iliyotiwa saini ya kupokelewa. Yaliyo ya Manispaa apewe Diwani, kwani naye ana haki ya kuuliza katika Baraza la Madiwani.

Tatu, jibu likitolewa, litafutwe katika Hansard, lisomwe barazani kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kumzulia Waziri neno asilolisema ni dhambi kama kumzulia mtu mwingine yeyote. Kisha ahadi iliyomo iandikwe daftarini pamoja na siku yake ya kutimia. Siku hiyo ikipita, swali liandikwe upya.

Nne, vijana wetu wa madrasa na sekondari wafundishwe kazi hii. Anayejua kupanga hoja katika somo la fiqhi hatashindwa kupanga swali la mistari minne.

Hatuahidi kwamba swali moja litakausha bwawa la Katubuka. Mfereji huchimbwa kwa mashine na fedha, haukuchimbwa kamwe kwa karatasi. Lakini hakuna fedha ya umma inayotoka bila karatasi, na karatasi ya kwanza inaweza kuwa ya kwetu. Mvua za msimu ujao zitakuja kwa amri ya Mola wake, wala hazitasubiri mchakato. Zikitukuta tena tukiulizana barazani wenyewe kwa wenyewe, lawama isiwe ya Dodoma peke yake.

Tunamuomba Allah (SW) awahifadhi waliohamishwa na maji, awape viongozi wetu vifua vya kuulizika, na atupe sisi ndimi za kuuliza kwa haki na kwa adabu.

Wabillahi Tawfiq.