Kuhama na Kuhamishwa

Yapo maneno yaliyozoeleka vinywani mwa wachuuzi wa simu na katika vitabu vya biashara, ya kuwa mtumiaji wa simu janja ni mtu aliyesimama sokoni na mizani mkononi. Huiweka Android katika sahani moja na iPhone katika sahani ya pili, akatazama ipi nzito, kisha akahama ama akakaa. Wasomi nao wameyapokea maneno hayo pasipo kuyachungua, wakaandika juu ya mapendeleo ya watumiaji na uaminifu wao kwa kampuni fulani, kana kwamba jambo lote ni la ulimi, mfano wa mtu achaguaye baina ya chai ya rangi na chai ya maziwa. Maneno haya yataka kupingwa, na mahali pafaapo kuyapinga ni Msangano.

Msangano iko wilaya ya Momba, katika mkoa wa Songwe uliotengwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya bondeni, ya mpunga na ufuta, na maji yake hushuka kuelekea Ziwa Rukwa. Wenyeji wake wengi ni Wanyamwanga, watu ambao mpaka wa kikoloni uliwapitia katikati, wengine wakawa wa Tanzania na wengine wa Zambia. Mwenye haja ya simu nzuri hupanda hadi Tunduma, na wakati wa kupanda ni baada ya mavuno, mpunga ukiisha kuuzwa. Basi na afuatwe mkulima mmoja wa namna hiyo, si kwa jina lake bali kwa hali yake, mpaka mbele ya kabati la kioo la muuza simu.

Ndani ya kabati mna Tecno, Infinix na itel. Majina ni matatu, walakini mwenye mali ni mmoja, kampuni ya Transsion ya Shenzhen katika China. Na mfumo endeshi, yaani ile programu kuu ibebayo programu nyingine zote ndani ya simu janja hizo, nao ni mmoja, Android ya Google. Akigeukia Samsung ataikuta Android ile ile. Kwa hiyo swali la mfumo gani lilikwisha jibiwa mbali sana, kabla mkulima hajapanda gari la kwenda mjini. Lililobaki kwake ni rangi ya mgongo wa simu na ukubwa wa betri.

Hata akiwa na fedha ya kununua iPhone iliyokwisha tumika, mpaka wenyewe humrudisha nyuma. Mfanyabiashara wa Tunduma hupenda kuwa na laini mbili, moja ya Tanzania na moja ya Zambia, kwa kuwa mteja wake wa asubuhi yuko Nakonde na wa jioni yuko Vwawa. iPhone zilizotoka kabla ya mwaka 2018 zina nafasi ya laini moja tu, na hizo kuukuu ndizo zishukazo bei. Hapana mapenzi hapo wala uaminifu. Pana tundu moja mahali panapotakiwa matundu mawili. Mtafiti akija na hojaji yake akauliza, "Kwa nini waipenda Android?", atapata jibu, maana watu wa bondeni wana adabu na hawamwachi mgeni aondoke mikono mitupu. Lakini swali lenyewe lilikwisha potoka kabla ya kuulizwa.

La ajabu ni kwamba uhuru wa kuhama ulikuwa mkubwa zaidi zamani za kitochi. Vodacom ilipoanza kazi nchini mwaka 2000, mwenye Nokia aliyetaka kuhamia Siemens au Motorola alifungua mgongo wa simu, akachomoa laini, akaipachika katika simu ya pili, na kazi ikaisha. Namba yake ilikuwa ndani ya laini. Majina ya jamaa zake, kama mia mbili au zaidi, aliweza kuyaweka ndani ya laini hiyo hiyo. Hakuuliza simu ile yaendeshwa na nini. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilijengwa juu ya msingi huo: mtu hubonyeza *150*00#, na huduma humjia kutoka katika mitambo ya kampuni, wala haikai ndani ya simu yake. Hata leo mkulima ambaye simu yake imevunjika kioo njiani aweza kuazima kitochi cha jirani, akatia laini yake, akatoa fedha yake. Akiba imepita salama katikati ya mifumo yote iliyozaliwa na iliyokufa tangu wakati huo.

Basi wale wasemao kwamba ugumu wa kuhama ni maumbile ya vyombo vya kisasa wamekosea kweupe. Ugumu huu ulitengenezwa. Vitu vilivyokuwa vya mtu, vikitembea naye ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi ukucha, vilitolewa humo vikatiwa ndani ya mfumo, na mfumo ukafungwa kwa ufunguo.

Ufunguo huo, kwa watu wa Msangano, jina lake ni WhatsApp. Yafaa kufahamu kwamba programu hii kijijini si ya porojo tu. Humo lipo kundi la kikoba, lipo kundi la ukoo, lipo kundi la wazazi wa shule. Bei ya mpunga hutumwa humo kwa sauti, na picha ya karatasi ya deni huhifadhiwa humo kama katika sanduku la bati. Tangu mwaka 2014 programu hiyo ni mali ya Facebook, kampuni iitwayo Meta siku hizi, na ndiyo kwa kweli iamuayo mfumo upi uishi na upi ufe. Symbian ya Nokia ilifungiwa mlango katikati ya mwaka 2017, na mwisho wa mwaka huo ikafuata BlackBerry. Nokia ndogo za S40 zikafungiwa mwisho wa mwaka 2018. Windows Phone ikafungiwa mwisho wa mwaka 2019. Kisha zikaja zamu za Android zenyewe: ya 4.0 Novemba 2021, zile zilizo chini ya 5.0 zikatangulizwa nyingine Oktoba 2023 na nyingine Januari 2025. Mwenye simu hakufanya lolote. Aliamka asubuhi simu yake ikiwaka vema, betri imejaa, kioo kizima, na watu wake hawamo.

Kisa cha KaiOS chastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndicho kiumbuacho nadharia ya mizani. Mwaka 2019 kampuni za simu nchini zilileta kitochi chenye mfumo huo, kikanadiwa kwa jina la Smart Kitochi. Kilikuwa na vibonye, betri yake ilidumu, na ndani yake ilikuwamo WhatsApp. Google ilikwisha tia dola milioni 22 katika kampuni ya KaiOS mwaka 2018. Mtu wa kijijini aliambiwa kwamba hicho ndicho chombo chake, kimefanywa kwa kipimo cha mfuko wake na cha umeme wake. Alisadiki, akanunua. Juni 2024 WhatsApp ikaacha kupokea watumiaji wapya wa mfumo huo, na mapema mwaka 2025 ikawafungia na wale wa zamani. Sasa akionekana mtu huyu dukani Tunduma akinunua itel ya kupapasa, mwandishi wa takwimu humwandika katika safu ya waliohama KaiOS kwenda Android, na karibu na jina la safu huandika sababu: mvuto wa mfumo mpya. Mvuto! Mtu aliyebomolewa nyumba huandikwa kuwa amevutiwa na barabara.

Na aondokapo huacha nini? Huacha barua zake. Kwa miaka mingi WhatsApp yenyewe iliwaambia wateja wake kwamba hapana njia ya kuyahamisha mazungumzo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Akiba ya Android ilikwenda katika ghala la Google, akiba ya iPhone ilikwenda katika ghala la Apple, na maghala hayo hayakufunguliana. Njia kutoka iPhone kwenda Samsung ilipatikana mwaka 2021, na kutoka Android kwenda iPhone mwaka 2022. Lakini yatazamwe masharti ya njia hii ya pili: simu zote mbili ziwe mkononi, zote zimeunganishwa na umeme, zote katika Wi-Fi moja, na iPhone iwe mpya au iwe imefutwa yote yaliyomo. Ni masharti ya mtu anunuaye simu ya pili ingali ya kwanza nzima. Mtu wa Msangano aghalabu hununua ya pili kwa kuwa ya kwanza imekufa ama ameiuza ili atimize bei. Njia haikujengwa kwa ajili yake; na sauti ya marehemu mzazi wake iliyokuwamo katika simu ya kwanza imepotea, pamoja na picha ya karatasi ya deni.

Haikataliwi kwamba wahamaji wa hiari wapo. Wamejaa vyuoni. Huiacha Android wakaishika iPhone kwa sababu ya kamera, ya sifa, na ya kutopenda kuonekana na simu ileile ishikwayo na muuza ndizi. Nao ndio waandikao nadharia, wakidhani dunia nzima huhama kama wao. Katika kuhama kwao lipo jambo ambalo idara za Kiswahili zilipaswa kulipigia kelele siku nyingi. Android humkubalia mtu kuigeuza simu yake yote iseme Kiswahili, menyu kwa menyu. Mahali pa kurekebishia simu huitwa Mipangilio, na kila mtu huelewa. iPhone ilitoka mwaka 2007 bila menyu za Kiswahili, ikauzwa kwa miaka mingi Afrika Mashariki ikiwa hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mwaka 2004 katika kazi ya kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya uandishi iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili, na wakati ule ilionekana ni jambo la heshima kubwa. Ni vigumu kumfahamu msomi wa Kiswahili anayehutubia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, juu ya lugha ya Afrika, ilhali kwa fedha yake mwenyewe amenunua chombo ambacho kwa miaka mingi hakikuona haja ya kuwa na menyu za lugha hiyo. Wala mkulima wa bondeni hakumfanyia Kiswahili fitina hiyo.

Watetezi wa kampuni wana hoja moja yenye uzito, na haki yataka isikilizwe. Husema kwamba mfumo mkongwe hauwezi kulindwa milele dhidi ya wezi wa mtandao, na kwamba mhandisi anayeshughulikia Android ya miaka kumi iliyopita hana nafasi ya kushughulikia ya leo. Na iwe hivyo. Hapana adaiye kwamba duka lisifungwe kamwe. Dai ni juu ya mali iliyowekwa humo. Mwenye ghala akitaka kuvunja ghala lake huwaita wenye magunia kwanza, akawapa siku na mlango, ndipo huvunja. Kukataa kulinda mfumo ni jambo moja, na kukaa juu ya barua za watu ni jambo jingine kabisa. Watetezi huyachanganya mambo haya mawili kwa makusudi, kwa kuwa la kwanza lina udhuru na la pili halina.

Serikali ya Tanzania haiwezi kusema kwamba haijui kazi ya namna hii. Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016, watu walikuwa wamepewa miezi ya kujihakiki, kwa kubonyeza *#06# na kuituma namba ya utambulisho ya simu ili wajue kama ni halali. Tena tarehe 1 Machi 2017 ilianza haki ya kuhama mtandao pasipo kubadili namba: mteja aliyechoshwa na kampuni moja alihamia nyingine, na namba aliyojulikana nayo kwa watu wake ikamfuata. Kampuni hazikuitoa haki hiyo kwa ukarimu. Zilishurutishwa, kwa kuwa ilionekana kwamba namba ni ya mtu. Siku hizi watu wa mtu wamo katika makundi na mazungumzo zaidi kuliko katika namba, lakini haki imesimama pale pale ilipowekwa mwaka 2017, haikusogea hatua moja.

Kenya ilikwisha sogea. Sheria yake ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019, katika kifungu cha 38, humpa mtu haki ya kupewa taarifa zake katika hali inayoweza kusomwa na mtambo mwingine, ili azipeleke atakako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na humpa mtu haki ya kuziona taarifa zake na kuzisahihisha. Haki ya kuhama nazo haikuandikwa humo. Kifungu chaweza kuongezwa. Kiseme kwamba kampuni iondoayo huduma yake katika mfumo wowote itangulize njia ya kuyatoa mazungumzo ya mtu, njia itakayowezekana kwa mwenye simu moja, asiye na Wi-Fi, tena kwa maelezo ya Kiswahili. Wanasheria wa chuo waanze na kile cha Kenya. Wanaisimu nao wana kazi yao hapo, ya kuitafutia haki hiyo jina ambalo mtu wa Msangano ataweza kulitamka akiwa amesimama dukani Tunduma akiidai.