SHINGO KWANZA, PIKIPIKI BAADAYE

Ndugu mfanyakazi, inamisha kichwa kidogo, kisha pitisha kidole nyuma ya shingo yako kutoka juu kwenda chini. Karibu na mabega utagusa kifundo kilichojitokeza. Kwa watu wengi huo ni mfupa wa saba, wa mwisho katika mifupa ya shingo. Sote tunayo saba. Twiga naye ana saba, na okapi wa msitu wetu wa Ituri vilevile, ijapokuwa shingo zao zatupita kwa urefu.

Juu ya mifupa hiyo midogo kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo 5 hivi. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na fuvu tunalifunika kwa kaske. Ni vyema. Lakini kaske haikutengenezwa kulinda shingo. Jiwe likikupiga kichwani, hata kaske ikivumilia, nguvu ya pigo yaweza kushuka shingoni.

Katikati ya mifupa hiyo unapita mshipa mkuu wa fahamu, usiozidi unene wa kidole kidogo cha mkono. Kwa njia hiyo ubongo huamuru mikono na miguu. Hata pumzi: mishipa inayoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka shingoni, penye mfupa wa tatu, wa nne na wa tano. Mshipa mkuu ukikatika juu ya hapo, mtu hawezi kupumua mwenyewe. Ukikatika chini yake, aweza kuishi lakini asitembee tena.

Sasa tazameni desturi yetu. Shimo limeporomoka, mwenzetu ametolewa. Mmoja anavuta mikono, mwingine miguu, kisha anapakiwa juu ya pikipiki, kabanwa kati ya dereva na ndugu yake, kichwa kikining'inia. Kutoka Mongbwalu hadi Bunia ni kilomita 80 hivi. Twafanya hivyo kwa upendo, najua. Lakini mfupa uliovunjika ni kama kisu kando ya mshipa, na kila mtikisiko wa njia unakisukuma. Aliyekuwa akichezesha vidole vyake pale shimoni aweza kufika hospitali hachezeshi hata kimoja.

Mtaniambia: tukikawia atakufa. Kama udongo bado unaanguka, kweli, mtoeni upesi, mkimvuta kwa kufuata urefu wa mwili wake, kichwa kikilala juu ya mikono ya anayevuta. Damu ikibubujika, kandamizeni kwa kitambaa safi. Akikoroma bila fahamu, huenda ulimi umeziba koo: shikeni taya chini ya masikio na kulisukuma mbele, bila kupinda shingo. Hewa isipopita hata hivyo, inueni kidevu taratibu, maana pumzi haingoji. Akitapika, mgeuzeni ubavu wote pamoja, kama gogo.

Zaidi ya hayo, haraka ya nini? Mmoja apige magoti, ashike kichwa pande mbili kama alivyokikuta, wala asikiachilie. Wengine walete ubao, hata mlango wa nyumba. Wanyanyue pamoja kwa hesabu moja, wamfunge, waweke nguo zilizokunjwa kandokando ya kichwa. Asikalishwe. Asinyweshwe maji, kwa sababu njia ya hewa na ya chakula huanzia koo moja.

Nanyi wakuu wa kazi, ubao wa mita 2 na kamba chache mlangoni pa kila shimo si gharama ya kuombewa kibali. Uwekwe. Na gari la kumlaza mtu lijulikane liko wapi kabla ya ajali.

Mama wa nyumbani, mtoto akianguka kutoka juu ya mwembe akalia shingo, usimwinue kumbembeleza. Mbembeleze pale pale chini, mikono yako ikishika kichwa chake, na jirani aite msaada.