Tunapopanga Kwenda Bustanini



Baadhi ya jumuiya zetu ndogondogo zimeanza kupanga matembezi ya siku moja kwenda Arboretum ya Nairobi, ile bustani ya miti iliyo karibu na barabara ya State House, kilomita tatu hivi kutoka katikati ya jiji. Tunaipongeza nia hiyo. Lakini katika orodha za maandalizi tunaona basi, nyama, vipaza sauti na fulana za sare, miti haimo. Kwa maoni yetu, matembezi ya namna hiyo yangeweza kufanyika katika uwanja wowote.

Tukumbuke kwanza asili ya mahali pale. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na garimoshi za wakati ule zilichoma kuni. Misitu ya asili ilikatwa kwa wingi. Mwaka 1907 eneo hili likatengwa ili kujaribu miti ya kigeni na kuona ni ipi ingekua upesi katika udongo wetu na kuipunguzia misitu mzigo. Leo, katika hekta 30 hivi, mna aina zaidi ya 300 za miti, ya kigeni na ya kienyeji, pamoja na ndege wengi na tumbili. Waliopanda ile ya kwanza walijua kwamba wengine ndio watakaokaa kivulini. Bustani iliyopangwa kwa subira kiasi hicho haifai kutembelewa kwa pupa.

Basi, tupange vipi? Kwanza, tuchague machache. Miti mitano au sita yatosha kwa asubuhi moja. Tusimame mbele ya kila mmoja, tusome kibao chake kama kipo, tuguse gome, tuokote jani lililoanguka. Wazee wetu wengi walikulia vijijini. Wanajua mti huu huitwaje kwa lugha ya mama, ule hutibu nini, na upi hauchomwi kuni. Watoto waliozaliwa Nairobi hawayajui hayo. Mzee akipewa nafasi ya kufundisha, hatahitaji kipaza sauti.

Pili, tuangalie majira. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hufanya vijia viteleze. Januari na Februari kwa kawaida ni pakavu. Mwisho wa juma watu huwa wengi, kwa hiyo tuwahi asubuhi. Mmoja wetu aulize mapema ada ya kiingilio na namna ya kuilipa, maana hayo hubadilika. Maji tubebe katika vyombo vya kutumika tena: tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na hifadhi za Kenya.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, asibaki mtu nyumbani kwa sababu ya mchango. Fulana na nyama ndivyo vinavyopandisha gharama, na anayeshindwa kulipa mara nyingi hasemi. Husema tu kwamba ana shughuli. Nauli ya matatu, ada ya kiingilio na chakula kilichopikwa nyumbani vyatosha, na jumuiya imsaidie kimyakimya asiye nacho. Bibi anayetembea kwa mkongojo atafutiwe mahali pa kukaa, na vijana wapokezane kuketi naye.

Wapo watakaosema kwamba fedha hizo ni heri zipewe maskini. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini familia inayoishi katika chumba kimoja haina bustani nyingine ila ile ya umma. Tajiri anao uwanja wake wenye maua. Bustani ya umma ikipotea, maskini ndiye anayenyang'anywa.

Na kupotea si jambo la kubuni. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliupinga hadharani, akadhihakiwa, na hatimaye mpango ukaachwa. Mwaka 1999 alipigwa na kuumizwa alipokuwa akiutetea msitu wa Karura usigawiwe watu binafsi. Tuzo ya Nobeli ya Amani ilikuja baadaye, mwaka 2004. Hakuwa na jeshi. Alikuwa na raia waliozijua na kuzipenda sehemu zile. Mtoto atakayeujua mti kwa jina lake leo, kesho atauliza ni nani anayeukata na kwa kibali gani. Mtoto aliyekwenda kucheza muziki tu hatauliza.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikiunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Nasi twaweza kuviunganisha katika siku moja ya matembezi, tukipanga vizuri. Tunaziomba basi jumuiya zikutane tena kabla ya kukusanya fedha, zifute fulana katika orodha, na mahali pake ziandike majina ya wale ambao huenda wakabaki nyumbani.